Boga Mapajani pa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Radyslav Zhovtenko, mjumbe wa chama kutoka Kyiv na mgeni wetu rasmi, Baba Padri, Ndugu Mganga Mkuu wa hospitali yetu, ndugu wageni waalikwa, wananchi wenzangu wa Verbolisy, na wewe uliyetukusanya hapa, Mheshimiwa Mbunge wetu unayestaafu, Bi Orysia Danylivna.

Hamjambo? Mimi najibu sijambo kwa mazoea tu. Nimepigwa na butwaa, jamani, na hotuba niliyoihangaikia wiki nzima kama mwenyekiti wa mji huu haina kazi tena. Humu nimeandika kwamba Bi Orysia ni mtu mpole. Nani ataniamini sasa?

Kwa mliokuwa nje mkivuta sigara, yaliyotokea ni haya. Mgeni wetu rasmi aliupokea mkate wa makaribisho na chumvi yake, akasimama hapa nilipo, akatutangazia kwamba Bi Orysia hastaafu ng'o: chama kimemrudisha kwenye orodha ya wagombea, tena juu kabisa. Tukapiga makofi. Lo! Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai, kwamba Bi Orysia akirudi bungeni atapiga kura wodi yetu ya wazazi ifungwe, na wajawazito wa hapa wawe wanapelekwa makao makuu ya mkoa. Makofi yakakatika. Bi Orysia aliinuka, akaenda kwenye yale mapambo ya mavuno pale pembeni, akachagua boga, akalipapasa kama anavyopapasa tumbo la mzazi, akamwekea mgeni mapajani.

Na bado liko pale. Pole, Mheshimiwa. Usiliweke chini, sakafu ilipigwa rangi jana.

Kuna mtu ukumbini humu asiyejua maana ya boga? Ukipeleka posa kwetu, ukikubaliwa, washenga wako wanafungwa taulo lililotariziwa. Ukikataliwa, wanarudi na boga, na kijiji kizima kinaliona. Mimi nalijua vizuri kuliko wote, kwa maana Bi Orysia huyuhuyu, akiwa mwanafunzi wa ukunga, alinipa mimi. Ndiyo, cheka tu, Paraska mke wangu, umekuwa ukicheka tangu tulipooana. Washenga wangu walikimbia kwa aibu wakaniachia nilibebe mwenyewe toka kwao mpaka kwetu, na kila uzio nilioupita ulikuwa na mdomo: "We Panas! Hilo utalipika kwa uji au kwa machozi?"

Nilimwuliza Orysia siku ya pili, mbona umenidhalilisha hivi? Akanijibu, "Panas, wewe si mbaya. Shida yako, aliyesema mwisho ndiye unayemfuata." Niliumia, kwa sababu ilikuwa kweli.

Ndugu zangu, nani humu hakupokewa na mikono ile, au mwanawe? Alipogombea udiwani mara ya kwanza, alipita mlango kwa mlango, na mabibi wakashtuka: "Orysia, kulikoni? Humu hamna mwenye uchungu!" Akawaambia, "Upo uchungu wa paa la hospitali linalovuja, nipeni kura." Alipata kura, na paa likaezekwa. Akawa meya, akawa mbunge, na bado kila likizo alivaa koti lake jeupe akaingia wodini kusaidia. Na siku ile wabunge walipokunjana makoti mpaka wakavunjana meno, yeye alifungua mkoba akaanza kuwafunga bendeji, na aliyeanzisha ngumi akamhudumia kwanza. Mwenzake akalalamika, "Alaa! Mimi ndiye niliyepigwa!" Akamwambia, "Wewe umevimba tu. Huyu mjinga amevunjika kidole."

Huyo ndiye ambaye chama kilidhani kitamnunua kwa kiti. Wahenga walisema, ukipenda boga, upende na ua lake. Ninyi wa chama mlimtaka Orysia bila wodi yake. Mlimwona miaka yote hii na hamkumjua? Nashangaa. Kweli nashangaa, Mheshimiwa, na mshangao wangu umeanza kugeuka hasira.

Kwa sababu hamjasikia lililofuata. Nilipokuwa nainuka kuja kwenye kipaza sauti, mgeni wetu alinivuta kwa mkono wa koti, boga likiwa mapajani vilevile, akaninong'oneza: "Basi kiti ni chako, Panas. Sema tu hapo mbele kwamba unaunga mkono mpango."

Salale! Hata posa ya kwanza haijapoa!

Msigune, nisikilizeni. Nilipanda ngazi hizi tatu nikiwaza kiti. Mimi Panas, mbunge! Nikageuka, nikamwona binti yangu Zlata amekaa pale dirishani, mkono kiunoni, siku zake za kujifungua zimewadia. Zlata alizaliwa kwenye theluji ambayo hata farasi aliikataa. Barabara ya mkoani ilikuwa imezikwa. Orysia alikuja juu ya trekta, nyusi zimeganda, akamweka Paraska juu ya trekta hilohilo, akamfikisha wodini, na mimi nikawa nalia mlangoni. "Panas," akafoka, "wewe ndiye unayezaa? Shika taa, au ondoka!" Nikashika taa. Wodi ingekuwa mkoani, leo ningekuwa na makaburi mawili, na ninyi mngekuwa mnanipa pole kila majira ya baridi.

Na majira ya baridi yanakuja tena, Mheshimiwa. Zlata atapelekwa wapi?

Bi Orysia, ulisema namfuata aliyesema mwisho. Leo aliyesema mwisho ni mgeni wetu rasmi. Unanitazama kuona nitafanya nini, si ndiyo? Hata mimi nilikuwa nangoja kujiona.

Paraska, mama Zlata, naona umeshainuka. Hilo dogo? Hapana, lete lile kubwa. Asante, mke wangu.

Mheshimiwa, samahani, sogeza kidogo la kwanza. Haya. Hili limetoka kwangu.

Bi Orysia, kwa maisha yako yote, tunakushukuru, na kesho wodi iko wazi. Ninyi wengine, asanteni kwa kunivumilia kwa masikio yenu yote. Uji wa mtama na varenyky, zile sambusa zetu za kuchemsha, viko tayari chumba cha pili. Ila naomba vijana wawili wamsaidie mgeni wetu mpaka garini. Kulibeba boga peke yako, njia ni ndefu sana. Mimi naijua.