Sentensi Moja Kuhusu Watoto wa Nabbuto

Wasikilizaji wapendwa, uliye jikoni, uliye dukani, uliye kitandani na homa yako, karibu tukae pamoja. Leo tunamkumbuka mwalimu. Jina lake ni Yayeri Nabakooza. Nalirudia kwa aliyekuwa anaepua sufuria: Yayeri Nabakooza. Alifariki Jumanne ya wiki iliyopita kwa ugonjwa wa figo, akiwa na miaka hamsini na minane. Kwa miaka zaidi ya thelathini aliwafundisha watoto viziwi katika shule ya kilima cha Nabbuto, nje kidogo ya Mukono.

Na mwaka wake wa mwisho aliutumia kupigana na kelele. Mwalimu wa viziwi, akipigana na kelele. Najua kuna aliyetabasamu hapo. Usione haya, walitabasamu wakubwa ofisini pia. Ila nakuomba ulifute tabasamu hilo mapema, maana leo sikuja hapa kumbembeleza mtu.

Tuanze mwanzo. Yayeri hakuutaka ualimu huo. Kaka yake, Mzee Ezironi Kabuuza, ametusimulia kwamba dada yake alisomea kufundisha hesabu. Barua ya kupangiwa kituo ikampeleka Nabbuto, kwa viziwi. Alilia siku mbili. Akaenda shingo upande, akisema atakaa muhula mmoja tu, kisha aombe uhamisho.

Muhula huohuo shule ikapata msaada wa vifaa vya kusikilizia, vile vidude vya plastiki vinavyokaa nyuma ya sikio. Mtoto mmoja wa kiume akavishwa asubuhi. Mchana mvua ikanyesha juu ya mabati. Mtoto akajitupa chini ya dawati. Maisha yake yote mvua ilikuwa kitu cha kulowesha tu. Hakujua kwamba ina sauti. Yayeri akapiga magoti, akamtoa taratibu, akamshika mkono na kuupitisha dirishani mpaka ukalowa. Akamgusa sikio. Akamlowesha mkono tena. Mtoto akaelewa. Akaanza kucheka, akawa anaingiza na kutoa mkono, anaingiza na kutoa.

Barua ya kuomba uhamisho haikuandikwa.

"Yayeri hakuwa msemaji," anasema Mzee Kabuuza. "Lakini akishasema la, hata baba yetu alikuwa anainuka, anachukua jembe lake, anaenda zake shambani."

Sasa hapa nataka unisikilize vizuri, kwa sababu jambo hili wengi hatulijui, na kutolijua kwetu ndiko kulikowaumiza watoto. Si kila kiziwi hasikii kabisa. Wengi wamebakiwa na usikivu kidogo. Nabbuto ina watoto sitini na wanne. Arobaini na mmoja kati yao wana usikivu kidogo na wanavaa vile vifaa. Wenyewe wanaviita matu, yaani masikio. Kifaa hakichagui. Kinachukua sauti ya mwalimu na kuikuza. Kinachukua sauti ya kiti kinachoburutwa na kuikuza. Kila kinachoingia kinakuzwa.

Kazi ya Mwalimu Yayeri ilikuwa kukaa na mtoto mbele ya kioo na kumfundisha kusema. Neno moja kwa wiki mbili, wakati mwingine mwezi. Mwaka jana alikuwa na msichana wa miaka minane, Nanteza, aliyefika shuleni hana neno hata moja la mdomoni. Kufikia mwisho wa muhula wa kwanza Nanteza alikuwa na maneno arobaini. Mama yake alikuwa anampigia simu Mwalimu Jumapili, Mwalimu anamshikia mtoto simu bwenini, mtoto anayasema moja moja.

Wiki ya pili ya muhula wa pili, mashine ikaja.

Chini ya shule kuna kinamasi. Ukingoni mwake mtu alikuwa anajenga hoteli ya ghorofa tisa. Uzio wa mabati ulisimama hatua sitini kutoka ukuta wa darasa la kwanza. Na kwa kuwa ardhi ile ni laini, ilibidi nguzo za zege zipigiliwe chini kwa nyundo ya mashine. Kila pigo, chuma juu ya zege. Mapigo arobaini kwa dakika.

Asubuhi ile Nanteza alikuwa mbele ya kioo. Pigo la kwanza likaingia. Mtoto aling'oa kifaa chake na kukitupa ukutani. Nyuma yake wengine nao wakang'oa. Wale wasiosikia kabisa, ambao hawana kifaa, walikuwa wameweka viganja vifuani, wanatazamana, kwa sababu sakafu ilikuwa inawapiga kutoka chini na hawajui ni nini.

Ilipofika wiki ya tatu, watoto ishirini na tisa walikuwa wamekataa vifaa vyao. Ishirini na tisa kati ya arobaini na mmoja. Mwalimu alivikusanya kwenye droo ya meza yake, kila kimoja na karatasi ya jina. Nanteza alikuwa hasemi tena. Akiambiwa afungue mdomo mbele ya kioo, anaufunga kwa mikono miwili.

Mwalimu akashuka mpaka kwenye uzio. Miguu yake ilikuwa imeshaanza kuvimba kwa maradhi, anatembea na kandambili. Akamkuta msimamizi wa ujenzi, bwana Mugumya. Bwana huyo hakuwa mkorofi. Alimpa kiti, akamwagizia chai, akamwambia kazi ina kibali na athari zote zilishapimwa na mtaalamu. Kisha akamfungulia ripoti yenyewe, ili mama wa watu aridhike na arudi zake.

Ukurasa wa thelathini na nne. Nimeusoma mwenyewe, wasikilizaji wapendwa, na nitawasomea kama ulivyo: "Shule iliyo karibu ni ya viziwi. Kwa hiyo athari ya kelele kwa wanafunzi ni ndogo, na haihitaji hatua yoyote."

Nitausoma tena. "Shule iliyo karibu ni ya viziwi. Kwa hiyo athari ya kelele kwa wanafunzi ni ndogo, na haihitaji hatua yoyote."

Mtu aliyesoma, mwenye shahada na muhuri, aliandika hivyo. Hakuingia darasani. Hakumwuliza mwalimu hata mmoja. Hakuweka kipimo cha kelele dirishani. Alisoma kibao cha shule akiwa barabarani, akaandika, akalipwa, akaenda zake. Na waliopaswa kumsahihisha wakasoma, wakaona inaingia akilini, wakagonga muhuri.

Mwalimu alinyanyuka bila kunywa chai.

Alikwenda mara tisa kwenye ofisi ya serikali inayosimamia kelele za ujenzi. Nimehesabu kwenye daftari lake. Mara ya kwanza aliambiwa aandike barua. Mara ya pili barua haikuonekana. Mara ya nne karani alimwuliza, huku akiwakonyeza wenzake, "Nnyabo, mama yangu, hukuweza kutuletea shule ya wanaosikia?" Ofisi nzima ikacheka. Alisubiri wamalize, akauliza barua yake iko meza gani. Mara ya sita alikwenda na vipimo alivyochukua kwa simu. Wakasema simu si kipimo cha sheria. Basi akarudi, akakaa darasani na kalamu, akahesabu mapigo. Kipindi kimoja cha dakika arobaini: mapigo elfu moja na mia sita. Akayaandika vijistari, vitano vitano, kurasa baada ya kurasa.

Shuleni kwake nako hakukuwa na mkono wa kumshika. Mwenye hoteli alikuwa ameiahidi shule tangi la maji. Mkuu wa shule akamwomba kwa upole aache. Binti yake, Lovisa, naye akamwomba aache, kwa sababu kila safari ya ofisini ilimlaza siku mbili. Lovisa anasema mama yake alimjibu hivi: "Hawa watoto nimewafundisha kwamba mtu akisema, anajibiwa. Sasa niwaambie nini?"

Wiki ya saba, akatumwa mkaguzi. Kijana anaitwa Okwir. Alikuja na kipima kelele halisi, akakiweka getini, akaandika. Namba zilikuwa juu sana. Lakini akakuna kichwa. Alituambia mwenyewe, na nampongeza kwa ukweli wake, kwamba naye alikuwa na ile fikra: hawa si hawasikii?

Mwalimu hakubishana naye. Akamwingiza darasani. Walimu wa viziwi wana mpira kama ule wa daktari, wenye ncha mbili za masikioni. Mwisho wake unachomekwa kwenye kifaa cha mtoto, ili mwalimu asikie kile mtoto anachosikia. Akampa Okwir avae. Akachomeka kifaa cha Nanteza. Wakangoja. Mashine ilikuwa imepumzika kidogo, na Okwir akasikia penseli ya mtoto ikiandika kwenye dawati la tatu. Akatabasamu.

Kisha nyundo ikarudi.

Pigo la kwanza aliruka kitini. La pili alikuwa ameshauchomoa mpira masikioni, ameinama, machozi yanamtoka.

"Umevumilia mapigo mawili, mwanangu," Mwalimu akamwambia. "Watoto wangu wiki ya saba hii."

Okwir akainuka. Alihamisha kipimo chake, akakiweka juu ya dawati la Nanteza, akapima siku nzima. Namba zilikuwa karibu mara mbili ya zilizoandikwa kwenye sheria. Usiku huohuo aliandika ripoti. Nyundo isimame saa za masomo. Nguzo zilizobaki zichimbiwe kwa mashine ya kutoboa. Ukuta wa kuzuia sauti ujengwe.

Hapa ungetegemea niseme kelele ziliisha. Ziliisha, lakini sikiliza zilivyoisha. Ripoti ya Okwir ilihitaji sahihi ya mkubwa. Mkubwa alikuwa semina. Mkubwa alikuwa likizo. Mkubwa alitaka maelezo zaidi. Wiki tano. Sahihi ilitiwa siku ya Alhamisi. Nguzo ya mwisho ilikuwa imezama ardhini Jumatano.

Mwalimu alipoipeleka amri ile kwenye uzio, Mugumya aliisoma akatazama chini. "Nyundo tumeshaipakia, mwalimu," akasema. "Hii amri ni ya mashine ambayo haipo."

Alirudi kwa Okwir mara ya mwisho. Akataka ile sentensi ya ukurasa wa thelathini na nne ifutwe. Okwir akashangaa, akamwambia kwamba hatua hiyo ya mradi imeshapita, kuifuta hakutamrudishia mtu kitu.

"Itanakiliwa," Mwalimu akasema. "Atakayeandika ripoti ijayo karibu na shule ya viziwi hatakwenda shuleni. Atafungua hii, atanakili."

Sentensi ilifutwa. Ukurasa mpya unasema kelele katika shule ya viziwi zipimwe darasani, wanafunzi wakiwamo, mwalimu wao akiwapo. Okwir aliusimamia mpaka ukaingia kwenye faili. Ndicho alichokipata Yayeri Nabakooza kwa safari zake zote: ukurasa mmoja.

Kisha akafungua droo. Alianza upya, mtoto mmoja mmoja, kwa miezi. Kati ya wale ishirini na tisa, ishirini na wawili walikubali kuvaa tena. Saba hawakukubali. Nanteza ni mmoja wa wale saba. Anaongea kwa mikono, na kwa mikono ni mtundu na mcheshi, nimemwona. Lakini yale maneno arobaini hayajarudi. Mama yake amebaki na simu ya Jumapili isiyopigwa.

Jumamosi tulimzika kwao Nakifuma. Mwenye hoteli alituma mtu na shada kubwa la maua na hotuba iliyochapwa. Mtu huyo akauliza kipaza sauti kiko wapi. Mzee Kabuuza, fimbo mkononi, akasimama mbele yake.

"Dada yangu alipanda na kushuka kwenu na miguu ile, hamkuwa na la kumwambia," akasema. "Leo hasikii. Hotuba ni ya nani?"

Yule bwana alikunja karatasi yake. Padri akaondoka kwenye kipaza sauti, naye akakaa. Wakasimama watoto wa Nabbuto wakaimba wimbo wa kuaga kwa mikono, sitini na wanne, na Nanteza mbele.

Kwa Mzee Kabuuza, kwa Lovisa, kwa walimu na watoto wa Nabbuto, poleni sana. Poleni kwa msiba, na poleni kwa yale mliyofanyiwa kabla ya msiba.

Kwetu sisi tuliobaki: uzio wa mabati ukisimama karibu na shule ya mwanao, omba kuiona ripoti. Uliza kipimo kiliwekwa wapi. Uliza kiliwekwa siku gani, na watoto walikuwa wapi siku hiyo. Wakikucheka, subiri wamalize, kisha uliza tena.

Na wewe uliyeandika ile sentensi, najua redio hii inafika uliko. Jina lako liko kwenye jalada la ripoti. Mwalimu Yayeri hakulitaja popote, na mimi sitalitaja. Lovisa anasema mama yake aliamini ungekuja siku moja, wewe mwenyewe, kuomba kuliona darasa. Hukuja. Muhula unafunguliwa Jumatatu. Watoto wanaingia saa mbili asubuhi.