Bahasha Iliyolala Kabatini kwa Mjomba

Sogeeni, wanangu, na wewe kaka yangu unayejifanya kutazama dirishani, usitoke, fungu lako limo.

Nyumba ni yenu wawili, sawa kwa sawa, wala asije mtu akasema binti haridhi. Saa yangu ya kifuani, niliyopimia mapigo ya wagonjwa miaka thelathini na mmoja, aichukue kitindamimba wangu, muuguzi mwenzangu.

Sasa sikieni lililonikaba. Nilipokuwa na umri wa binti huyu, nilifaulu mtihani wa lugha, hospitali ya ng'ambo ikanitaka, ikabaki karatasi moja tu: chuo kiandike saa nilizosoma darasani na nilizofanya wodini, kigonge muhuri, kifunge bahasha na kuituma chenyewe kwa baraza la wauguzi la kule, maana ikipita mkononi mwa mwombaji haipokelewi. Karani wa kumbukumbu chuoni alikuwa nani? Mjomba wenu huyu, tumbo moja, ziwa moja! Nikacheka, nikasema mambo yamekwisha. Kila nikimuuliza: "Imeshakwenda, dada, kule mambo yao polepole." Miaka miwili ikapita, majibu yangu ya lugha yakaisha muda, nafasi akapewa mwingine. Bahasha nikaikuta kabatini kwake siku tuliyogawa nguo za marehemu mama, ina muhuri, haijavuka hata mlango. Nikamuuliza kwa nini. "Ungeondoka, mama angeogeshwa na nani?" Lo! Watoto wawili, mikono minne, yeye akaona yangu tu! Kikulacho ki nguoni mwako. Nimemsamehe mdomoni, moyoni bado, na sitaki kufa na uongo.

Na wewe, mwanangu wa kwanza, ulidhani nimelala? Juzi, simu ya dada yako ikiwa mkononi mwako, nilikusikia ukimwambia mtihani wake wa leseni umeahirishwa, eti wamepiga. Nani kapiga? Nilikubeba mgongoni mimi, ukaenda kusomea kwa mjomba wako!

Binti yangu, usilie. Haujaahirishwa. Ni Jumatatu, saa mbili asubuhi, na basi linaondoka kesho. Shika pasi yako, jina lisipishane na la kwenye fomu hata herufi moja, watakurudisha mlangoni. Karatasi zako za chuo zilifika. Nilimsimamia karani mpaka posta, nilipokuwa bado na miguu.

Kaka yako ataniogesha. Ndiyo, wewe. Anza na uso, maji yasichome, unigeuze taratibu upande wa kushoto. Nikifa kabla dada yako hajarudi, nizikeni, na mtu yeyote asimpigie simu mpaka atoke kwenye chumba cha mtihani. Atakayempigia, radhi yangu hana.

Mungu awape... awape kuoneana huruma. Wote. Hata wewe, kaka... hata wewe.

Koo limekauka. Maji... La, binti, weka kikombe chini. Anipe kaka yako. Wewe nenda... kafungashe.