Mate ya Yeyo

YEYO: Haloo? Nani mwenzangu? Sema kwa nguvu, huku Oldonyo Sambu upepo—

NASIEKU: Mama Elinami! Mke wa mwanao Lemburis! Shikamoo, yeyo, mama yetu.

YEYO: Aah, mama. Marahaba. Mjukuu wangu anaendeleaje?

NASIEKU: Pua bado imeziba, ila homa imeshuka. Ananyonya vizuri.

YEYO: Na kifua?

NASIEKU: Nimemvua nguo nikamwangalia. Mbavu hazibonyei akivuta pumzi. Nesi kasema ni mafua tu, nimnyonyeshe mara kwa mara, nimsafishe pua. Akikataa ziwa au akianza kuhema haraka, mbio hospitali.

YEYO: Mpe zile kapsuli, rangi mbili—

NASIEKU: Hapana, yeyo! Rangi mbili haitibu mafua. Hata asali bado, hajafikisha mwaka.

YEYO: Haya, ninyi mliosoma. (Anakohoa.) Nilitaka kusaidia. Maana mate yangu ndiyo—

NASIEKU: Yeyo...

YEYO: Lemburis kanipigia jana. Kasema mlipokuja huku, nilivyomtemea mtoto mate ya baraka, ndiyo nikampa mafua. Jumapili nije kwenye ubatizo, lakini nikae nyuma, nisimshike.

NASIEKU: Kasema hivyo?

YEYO: Siji. Nikae nyuma kama mpita njia? Watoto wote wa boma hili nimewabariki hivyohivyo... Labda nimezeeka vibaya.

NASIEKU: Yeyo, hicho kikohozi kimeanza lini?

YEYO: Siku mbili baada ya ninyi kuondoka.

NASIEKU: Tulipokuja hukuwa nacho?

YEYO: Nacho wapi? Si niliwakamulia maziwa mwenyewe, tukacheka mpaka jioni?

NASIEKU: Kumbe basi...

YEYO: Haloo? Mtandao huu nao—

NASIEKU: Nipo. Yeyo, ni mimi.

YEYO: Najua ni wewe, si umeshasema?

NASIEKU: Mafua. Niliyapata kwenye darasa langu la jioni, kabla hatujaja huko. Darasa zima lilikuwa linapiga chafya. Nikameza Panadol, nikajikaza, nikaja kukushika mikono, namnyonyesha mtoto bila hata kuziba mdomo—

YEYO: Inakatakata! Rudia.

NASIEKU: (Analia.) Mimi ndiye niliyemwambukiza Elinami! Na wewe pia. Lemburis alipouliza, nikasema ni mate yako.

YEYO: Kwa nini, mama?

NASIEKU: Alishasema, mtoto akiugua kwa sababu ya darasa, naacha masomo. Na mtihani umekaribia, yeyo, nime—

YEYO: Ukaona bora mimi nikae nyuma.

NASIEKU: ...Ndiyo.

YEYO: Mm.

NASIEKU: Nisamehe. Nitamwambia.

YEYO: Lini?

NASIEKU: Akishakula. Akishatulia kidogo—

YEYO: Yuko wapi sasa hivi?

NASIEKU: Yuko uani, anaosha pikipiki.

YEYO: Mwite.

NASIEKU: Yeyo, salio linaisha...

YEYO: Likiisha utakuwa umeshamwita. Habari ya darasa niachie mimi, huyo nimemzaa mwenyewe. (Anakohoa sana.)

NASIEKU: Unasikia hicho kifua? Usilale na moshi wa jikoni. Kunywa vya moto, na pumzi ikibana usingoje, nenda zahanati, niahidi—

YEYO: Nimeahidi! Mwite.

NASIEKU: Baba Elinami! Baba Elinami, hebu njoo... Ni mama yako. Hapana, usichukue simu. Kaa kwanza. Mwenye neno ni mimi.