Mtu Mmoja wa Kumsindikiza

Basi halijaingia gia ya pili, masikio yangu yalishafika kiti cha mbele. Mwanafunzi wa chuo kikuu, kichanga kimelala kifuani, alikuwa akimweleza jirani yake, msusi mwenye chanuo kichwani, kwamba ameitwa na kamati ya nidhamu. Alikutwa akilea mtoto bwenini, na leo wanaamua kama atanyang'anywa chumba. "Kanuni inaniruhusu kuingia na mtu mmoja wa kunitia moyo, ila haruhusiwi kusema neno."

"Yuko wapi?" "Si huyu hapa!" akamwonyesha mtoto.

Msusi alipiga makofi mpaka dereva akageuka. "Mwanangu, una akili! Lakini huyo ndiye kesi yenyewe. Nichukue mimi!"

"Shangazi, tangu tupande hujanyamaza."

"Nikinuna tu watu hutetemeka, muulize mume wangu!" Nilimsadiki bila kumuuliza mume.

"Hutaweza." "Nitaweza!"

Basi likasimama mbele ya geti la chuo. Mwanafunzi akampa msusi mtoto amshikie, apate kushusha mkoba. Msusi akampokea, akanyoosha shingo, akatangulia getini.

Kituo changu kilikuwa bado mbele, lakini nami nikashuka.