Ugonjwa wa Tharcisse Ambao Shemeji Yake Hakuambiwa

Ndugu zetu mliotoka Matonge, Molenbeek na mbali zaidi kuja kumsindikiza, Tharcisse Nday alizaliwa Katuba, Lubumbashi, tarehe 9 Machi 1990, mtoto wa kwanza wa hayati papa Barnaba na maman Imelda, akafuatwa na mdogo wake mmoja tu, Lucienne, ambaye ameomba maneno haya yasomwe kama alivyoyaandika.

Alifika Brussels Agosti 2001, akamaliza sekondari Ixelles mwaka 2009, na tarehe 4 Oktoba 2010 akaanza kazi ya fundi wa lifti katika majengo marefu ya karibu na stesheni ya Gare du Nord, ambako wenzake walimpenda, kama alivyopendwa kila mahali, jambo ambalo Lucienne hakulizoea kamwe.

Hakuoa wala hakuacha mtoto. Tarehe 14 Januari 2019 alisikia sauti za watu wasiokuwepo akiwa kazini, akajifungia ndani ya lifti kwa saa nne, na madaktari wakauita ugonjwa huo skizofrenia. Tangu hapo maman alihamia chumbani kwake, akimkatia nyama kwenye sahani na kumwita "papa yangu", na tarehe 24 Agosti mwaka ule, siku ya harusi ya Lucienne, aliondoka kabla ya keki kukatwa ili akampe Tharcisse dawa, naye bibi harusi akawatabasamia wapiga picha huku wivu ukimla.

Kabla ya mahari, kikao cha familia kilikuwa kimeamua wakwe wasiambiwe, maana nani angeoa kwenye nyumba yenye kichaa? "Sema amechoka na kazi, bon, ni basi," maman alimwagiza Lucienne. Kwa hiyo Guylain, mumewe, mwindaji mwenye kibali, alimpenda shemeji yake bila kujua, akaenda naye kulenga shabaha, asimfiche ufunguo wa kabati la bunduki. Lucienne aliona, akanyamaza, si kwa kuogopa kuachwa, bali kwa kuwa kama angesema, wote wangemhangaikia Tharcisse tena, hata mume wake.

Jumapili, tarehe 12 Oktoba 2025, Tharcisse alijiua kwa bunduki ya kabati hilo, akiwa na miaka thelathini na mitano. Matangani wengine wamelaumu silaha, wengine ugonjwa, wengine mapepo, na Guylain amejilaumu mwenyewe, hata chakula kimemshinda. Asubuhi hii, maman alipolikumbatia jeneza, Lucienne aliona wivu bado.

Tunawashukuru madaktari, majirani wa ngazi yetu, na mafundi wenzake waliombeba. Guylain, wewe hukuambiwa. Tuliojua ni sisi, na aliyeona ufunguo haukufichwa ni mkeo.

Tharcisse, Mungu akupe pumziko lenye amani.