Mipini Mitatu Kufika Kaburini

Lori lilikuwa limetoka Tunduma na magunia. Nesta, aliyekuwa akirudi nyumbani kutoka chuo cha ualimu, alikaa katikati ya watu wawili wasiojuana.

"Jirani amekula shamba langu tena," mjane Marita alimwambia mzee Fanueli kwa uchovu. "Nimepima kwa mpini wa jembe. Mwaka wa kwanza alichukua mpini mzima, wa pili nusu, wa tatu theluthi, mwaka huu robo. Na kaburi la mume wangu lilikuwa mipini mitatu tu kutoka mpaka wa zamani."

"Si anapunguza, mama? Mwache, ataishia mwenyewe."

Nesta, ambaye elimu ilikuwa inamwasha mdomoni, akadakia. "Samahani, baba. Angekuwa kila mwaka anachukua nusu ya alichochukua mwaka uliotangulia, asingefika hata mipini miwili. Lakini kwa hesabu hii yake, mwakani moja ya tano, kisha moja ya sita, hana mwisho. Mwaka wa kumi na moja yuko kaburini."

"Binti, vidogo namna hiyo havifiki mbali," alisema Fanueli.

"Vinafika, baba. Vinachelewa tu," Nesta alijibu.

"Kwa hiyo amebakiza miaka saba," Nesta akamwambia Marita.

Lori likasimama Nanyala. Marita akashuka polepole, jembe mkononi. "Saba ni ya mume wangu, mwanangu. Nafasi yangu mimi ya kuzikwa iko ubavuni pake, upande wa jirani."