Cheti Kilitangulia Mikono

Assalaam alaykum ndugu zangu. Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi mlioamka alfajiri kutoka Chalinze na Fukayosi ili muwahi, poleni na safari.

Mwenyekiti wa kikundi chetu aliniomba nije niwaeleze ninyi mliopasuliwa kifua na mnaongoja kupasuliwa, pamoja na ndugu wanaowauguza, habari ya dawa za kuifanya damu iwe nyepesi na vyakula vya kuangalia. Nitaeleza, karatasi nimekuja nazo. Ila kwanza nina jambo langu. Nimeishi nalo miaka mitano, na walionisikia nikilisema lote ni wachache. Sitamtaja mtu kwa jina, wala hospitali, wala nchi niliyosomea. Nitajitaja mimi.

Mimi ni mtoto wa Kaole. Baba alifariki nikiwa darasa la nne, nikalelewa na ami yangu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini. Alinisomesha mpaka nikawa daktari, kisha mpasuaji wa kawaida, yaani ngiri, matumbo, mifupa iliyovunjika. Halafu nikapata nafasi ya kwenda nje kusomea upasuaji wa moyo na kifua.

Wengi wetu tunadhani bingwa ni bingwa, popote aliposomea. Sivyo. Ziko nchi ambazo kijana akitoka shule ya udaktari anaingizwa moja kwa moja kwenye kifua, na kwa miaka sita au zaidi hiyo ndiyo kazi yake. Nyingine zinamtaka kwanza apasue matumbo miaka mitano ndipo afunguliwe mlango wa kifua. Kuna walimu wanaomwachia mwanafunzi kisu mapema huku wamesimama mbele yake. Na kuna walimu ambao kisu hawakiachi mpaka wastaafu.

Mimi niliangukia kwa hao wa mwisho. Profesa wangu alikuwa fundi hasa, mikono yake ilikuwa haitetemeki wala haina haraka. Desturi ya pale ilikuwa hivi: mwanafunzi anafungua kifua, anaweka chuma cha kutanua mbavu, anakausha damu, anasubiri. Ikifika pale penye mshipa mkubwa, profesa anakusukuma pembeni kwa kiwiko, kimya kimya, anafanya yeye. Akimaliza anavua glovu anakwenda kunywa chai, wewe unafunga. Wenyeji wa nchi ile, wakifika mwaka wa mwisho, walikuwa wanaachiwa hata pale katikati. Mimi nilikuwa mgeni mwenye kibali cha muda, na kibali chenyewe hakikuniruhusu kuongoza upasuaji wa raia wao. Miaka mitatu nilifungua na kufunga. Naweza kufunga kifua nikiwa nimesinzia. Ya katikati niliyaona mara mia, na sikuyafanya hata mara moja.

Wakanipa cheti kizuri chenye muhuri wa dhahabu.

Niliporudi, ami alisoma maulidi, watu wakala pilau, shehe akaniombea dua ndefu. Akina mama wa mtaani wakawa wananishika mikono hii, wanaigeuza, wanaitazama. Ungekuwa wewe, ungeanzia wapi kusema? Mimi sikusema. Nikaajiriwa. Mkuu wa idara yetu, mama mmoja mkavu wa maneno, aliniuliza kama nimeshatoa pafu lililoharibika. Nikamjibu kwamba nimeshiriki nyingi. Akaridhika, kwa sababu yeye alisomea kwenye nchi ambayo mtu hapewi cheti mpaka ahesabiwe moja moja alizofanya mwenyewe. Hakufikiria kwamba kuna kwingine.

Mwaka mzima nikafanya kazi chini yake, na mambo magumu akiyafanya yeye. Kisha akasafiri wiki mbili. Wodini alikuwepo mama mmoja wa Fukayosi, mkulima wa muhogo na ufuta, watoto watatu. Kifua kikuu kilimpata zamani akapona, lakini kilimwachia sehemu ya juu ya pafu imeoza, na alikuwa anakohoa damu. Siku ile hakuwa katika hatari. Damu ilikuwa imetulia, angeweza kusubiri wiki mbili. Mkuu alinipigia simu kuuliza kama nitampasua mgonjwa au tumngojee yeye arudi.

Nikasema, "Naweza, mama."

Ndugu zangu, nawaambia, neno hilo ndilo lililoua. Kisu kilikuja baadaye.

Nilifungua vizuri. Nesi aliyekuwa ananipa vyombo akasema leo tutatoka mapema. Nikafika kwenye mshipa unaopeleka damu kwenye pafu. Ulikuwa umegandamana na makovu ya kile kifua kikuu, hauonekani wapi mshipa unaishia na wapi kovu linaanza. Hapo nikasita. Mwili wangu ulikuwa unangoja kiwiko cha profesa. Mnanielewa? Miaka mitatu niliufundisha mwili kusogea pembeni ukifika hapo. Nikavuta kidogo. Ukachanika.

Daktari wa usingizi alimtundikia chupa zote za damu zilizokuwepo. Nilibana kwa vidole, nikashona, uzi ukakata nyama. Haikuchukua muda.

Mume wake alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, kofia mkononi. Nikamwambia damu ilikuwa nyingi, tumejitahidi, Mwenyezi Mungu amempenda zaidi. Yule bwana akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru kwa kujitahidi. Akaniombea heri kwenye kazi yangu.

Nikaomba likizo ya ugonjwa, na ilipokwisha sikurudi. Nikahamia dukani kwa ami. Miezi minane nilikaa nyuma ya kaunta nikiuza rangi, bawaba na misumari. Nilikuwa silali, na sikumwambia mtu kwa nini. Watu walinitania, maana wote walinijua. Fundi mmoja alikuwa akiingia anasema, "Dokta, nipimie nusu kilo ya inchi tatu, na uangalie isizidi, nina presha." Nilicheka naye. Ami hakucheka. Aliniuliza mara moja tu kama nimefukuzwa, nikamwambia hapana, asiniulize tena. Hakuniuliza tena.

Siku moja asubuhi akaingia yule mume. Alikuja kununua misumari ya bati. Alinitambua kabla sijamtambua, akanisalimia kwa heshima kama siku ile, akauliza hali ya nyumbani, akashangaa kunikuta pale. Kisha akasema kwamba kuonana kwetu ni kheri, maana alikuwa ananitafuta. Mdogo wa kike wa marehemu, aliyeugua naye kifua kikuu katika nyumba moja, ameanza kukohoa damu, na hospitali wamesema naye akatwe pafu. Familia imekaa, imekubaliana wasimpe mtu mwingine.

"Wewe tunakujua," akasema. "Ulijitahidi kwa dada yake. Sasa tufanyie na huyu."

Misumari ilikuwa kwenye mizani. Nikaiacha. Nilijua kwamba nikikataa bila kusema sababu atatafuta hospitali nyingine na yule mdogo wa marehemu atapona, na mimi nitabaki mtu mwema. Nilijua pia kwamba anaweza kunisihi, ami anaweza kumuunga mkono, nami nikasema tena ninaweza. Hilo la pili ndilo lililoniogopesha. Nikamwambia pale pale, ami akisikia. Nikamwambia upasuaji ule nilikuwa sijawahi kuufanya. Nikamwambia mkewe angeweza kusubiri wiki mbili, na kwamba niliulizwa, nikadanganya.

Mteja mwingine aliingia, ami akamfanyia ishara atoke.

Yule mume akasema polepole, "Kwa hiyo siku ile uliponiambia ni Mungu, ulikuwa unamsingizia."

Nikasema ndiyo.

"Sasa nani anayejua hii kazi? Nitajie."

Nikamtajia mkuu wangu wa idara. Akaniambia niandike jina kwenye karatasi. Akachukua karatasi, misumari akaiacha.

Mchana ule ule nilikwenda hospitali kwa mkuu wangu. Nilimweleza yote nimesimama. Aliniambia kwamba kama ningelisema siku ya kwanza, asingeniona mpungufu, angenifundisha. Na kwamba kutojua ni jambo la kazini, lakini kunyamaza nilikuchagua mwenyewe. Akaniandikia taarifa kwa uongozi. Nilisimamishwa, nikaitwa mbele ya jopo, nikajibu. Nilipewa onyo, na sharti kwamba sitagusa kifua mpaka nifundishwe upya. Yule mdogo wa marehemu alipasuliwa na mkuu mwenyewe, na alipona.

Nchi ya pili niliyokwenda ni ya huku huku Afrika. Nilikuwa na miaka thelathini na minane, na walionitangulia darasani walikuwa wadogo zangu kwa miaka kumi, wakaniita Mzee. Kule hawakutaka kuona cheti. Miezi ya kwanza walitupa mapafu ya nguruwe tushone. Nikaomba mengine, wakaniletea ya mbuzi kutoka buchani. Nilishona mishipa ya mbuzi mpaka vidole vikaota sugu. Kisha wagonjwa. Mwalimu alisimama ng'ambo ya meza, ananiuliza kila hatua: unaona nini, kitatokea nini, ukichanika utabana wapi. Mara ya kwanza nilipofika kwenye ule mshipa nikasogea pembeni bila kujua. Yeye hakusogea. Akasema anayo siku nzima.

Namshukuru mwalimu yule. Namshukuru mkuu wangu, aliyenishitaki na bado akanipokea. Namshukuru ami, aliyenilisha bila maswali mengi. Na yule bwana wa Fukayosi: hajaniambia amenisamehe, nami sijamuuliza. Sitamuuliza. Kama si yeye kuingia dukani, huenda ningekuwa bado ninapima misumari, au mbaya zaidi, ningekuwa nimerudi thieta vile vile.

Ninachowaomba ndugu zangu ni kimoja. Tumezoea kumheshimu daktari kwa kutomuuliza. Muulizeni. Muulizeni kwa adabu: hii umeifanya mwenyewe mara ngapi, na nani atasimama mbele yako? Anayejua hatakasirika. Akikasirika, ngojeni.

Yuko mmoja kati yetu humu ambaye nimepangwa kumpasua Jumatatu. Juzi aliniuliza swali hilo. Nimemjibu kwamba wa aina yake nimefanya kumi na moja, kwamba mkuu atakuwa mezani nami, na kwamba mmoja kati ya hao kumi na moja hakuamka. Akasema anakwenda nyumbani kushauriana na wanawe. Mpaka asubuhi hii hajanipa jibu, na mimi simhimizi.